Kabla ya Kugawa Karata

Maneno niliyosema Lamu baada ya sala ya Isha, kufungua mashindano ya karata ya mtaa katika likizo ya shule. Nimeyaandika kwa sababu upepo ulikuwa mkali na waliokaa nyuma hawakuyasikia yote.

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Langoni na Mkomani, wageni wetu wa kutoka Shela na Matondoni, na nyinyi vijana ambao vidole vimeshaanza kuwawasha: nimeombwa niwe mwamuzi wa usiku wa leo, na nimeombwa niseme machache kabla mchezo haujaanza. Nitapita kidogo hayo machache, mnivumilie. Jambo hili nalipenda na nimeliwaza sana.

Leo tunacheza mchezo wa karata uitwao kadi. Najua wako waliouliza kwa nini tusicheze wahedi wa sitini, mchezo wa watu wazima. Wazee waliokaa barazani pale wamekua nao, na heshima yake haina mjadala. Ree ina alama 11, saba ina 10, mzungu wa nne, yaani kingi, ana 4, mzungu wa tatu, yaani jeki, ana 3, mzungu wa pili, yaani kwini, ana 2. Jumlisheni: kila aina ina alama 30, jozi nzima ina 120, ndiyo maana aliyefika 61 ameshashinda, zilizobaki zimwangukie nani asimwangukie nani. Wareno wana michezo ya ukoo huo huo, bisca na sueca, na hesabu yao ni hiyo hiyo bila kupungua hata alama moja. Watu waliojenga Fort Jesus kule Mombasa kuanzia mwaka 1593 hawakutuachia kuta peke yake.

Lakini wahedi wa sitini unataka kumbukumbu. Mchezaji hodari anajua turufu ngapi zimepita na ree ya nani bado haijaonekana, na anamsoma mwenzake wa upande wa pili bila kufungua kinywa. Mtoto wa darasa la sita akikaa pale, mwenzake ndiye anayeumia. Akikosea mara mbili ataambiwa inuka, mwanangu, mpishe mwenzako. Wala si ubaya wa mtu. Mchezo wenyewe umejengwa hivyo, na wanaoutaka watauendeleza barazani kama ilivyo kila jioni.

Usiku wa leo tulitaka mkeka ambao babu na mjukuu wanaweza kukaa pamoja na yeyote kati yao akashinda. Tulitaka mgeni aliyeshuka na boti leo mchana naye aweze kukaa. Kwa hilo sijaona mchezo unaoishinda kadi.

Kila mtu anapewa karata nne, moja inafunuliwa katikati, zamu inaanza. Unafuata aina au unafuata namba: juu ya saba ya kopa utatupa kopa yoyote au saba yoyote, na ukikosa unaokota. Anayemaliza zote mkononi ndiye mshindi. Hayo mtu atayaelewa kabla kahawa yake haijapoa.

Halafu ndiyo unakuja utamu. Mbili inamwokotesha anayefuata karata mbili, tatu inamwokotesha tatu. Jeki inamruka mtu. Kingi inageuza mwendo, zamu ikarudi ilikotoka. Nane na kwini ni maswali: ukitupa swali, ni wewe mwenyewe wa kulijibu papo hapo, na usipokuwa na jibu unaokota. Ree inataka aina unayoitaka wewe. Sasa hesabuni pamoja nami. Mbili, tatu, nane, jeki, kwini, kingi, ree. Hizo ni namba saba, kila moja ina karata nne, jumla 28. Zilizobaki, yaani nne, tano, sita, saba, tisa na kumi, ni 24. Katika jozi ya karata 52, zaidi ya nusu zina kishindo!

Ndiyo sababu anayeongoza hana raha. Amebakiwa na karata moja, ameshatangaza "niko kadi", anaangalia kushoto na kulia kwa furaha, mara aliyemtangulia anaangusha tatu. Bingwa anaokota karata tatu na mkeka mzima unapiga kelele. Anatoka kwenye moja mpaka nne, sawa na alivyoanza. Na yule aliyekuwa ameshika karata tisa, aliyekwisha kata tamaa, anajikuta bado yumo. Mkono mzima unakwisha kwa dakika chache, unagawiwa mwingine, na hakuna aliyepata nafasi ya kununa.

Vijana, nawapa na hesabu ya pili, maana wengi hamuitumii. Karata ya mwisho haiwezi kuwa na kishindo. Sharti utoke na mojawapo ya zile 24. Ile nne ya pau unayoitupa haraka kwa kuona haina faida, huenda ndiyo mlango wako. Mtu akigawiwa karata nne, kukosa kabisa karata ya kawaida kunatokea kama mara moja katika kila mara 13. Maana yake karibu kila mtu anakaa akiwa na njia ya kutokea tangu mwanzo. Kisha anaitupa! Anabaki na kwini mbili na jeki, moto mtupu mkononi, na kila zamu anaokota. Kina dada wa mkeka wa ndani wanalijua hili zamani, na nimewaona wakitunza sita au tisa kimya kimya mpaka zamu ya mwisho. Mkikutana nao msije mkasema hamkuambiwa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikubali kazi hii ya uamuzi.

Likizo iliyopita walikaa hapa vijana kucheza kadi, bila mwamuzi, bila mashindano. Wawili kati yao ni mtoto wa mama mkubwa na mtoto wa mama mdogo. Mmoja amekulia hapa Amu, mwingine amekulia Mombasa na alikuja kwa bibi yake. Wa hapa akatupa mbili. Wa Mombasa akaweka ree juu yake, akatulia, kwa sababu kwao ree inazuia adhabu. Wa hapa akasema, "Hapa ree haizuii." Mgeni akasema kwetu inazuia. Wengine wote wakamwunga mkono mwenyeji, na ni lazima iwe hivyo, maana ndivyo walivyozoea. Mgeni akairudisha ree yake mkononi, akaokota mbili. Kisha akaziweka karata zake zote chini, zikitazama juu, akazilinganisha pembe kwa vidole mpaka zikakaa sawa kabisa, akainuka akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi za forodhani.

Hakupigwa wala hakutukanwa. Watu wazima waliokuwapo walisema, muacheni, ni karata tu.

Mimi sikubaliani na neno hilo, na nalisema mbele yenu nyote. Yule kijana alicheza sawasawa kwa kanuni anayoijua, akahukumiwa kwa kanuni iliyotajwa baada ya karata yake kuanguka. Mkubwa akifanyiwa hivyo katika biashara yake angekwenda kwa kadhi. Mtoto hana pa kwenda, ana ngazi za forodhani tu. Na anachojifunza pale ni kwamba kanuni za mji huu ziko vinywani mwa wenyeji, wanazitoa wanapozihitaji.

Kadi ndio mchezo unaoumiza zaidi kwa njia hii, na sababu ni ule uzuri wake. Haukuandikwa popote tulipojifunzia. Kila mtu ameupokea kwa kaka yake, kwa bweni la shule, kwa kituo cha boda boda. Wapo wanaoruhusu mbili juu ya tatu adhabu zikajumlishwa, wapo wasioruhusu. Wapo wanaotumia joka, yaani jokeri, na kumwokotesha mtu tano. Wapo wanaoipa ree ya shupaza nguvu ya ree mbili. Ukisahau kusema "niko kadi", huku unaokota, kule unaachiwa lakini huruhusiwi kutoka zamu hiyo. Zote ni kanuni nzuri. Ubaya ni watu watano kukaa mkeka mmoja na kanuni tano vichwani, kila mmoja akidhani ya kwake ndiyo ya dunia nzima.

Kisa hiki si chetu peke yetu. Kule Marekani, katika mji wa Reading jimbo la Ohio, alikuwako kinyozi aitwaye Merle Robbins. Inasimuliwa kwamba mwaka 1971 alibishana na mwanawe juu ya kanuni za Crazy Eights, mchezo wa ukoo mmoja na kadi yetu. Baba na mwana, nyumba moja, na bado hawakuafikiana. Mzee yule hakusema ni karata tu. Alitengeneza karata mpya ambazo kanuni imechapwa juu ya karata yenyewe: hii inaruka, hii inageuza, hii inaokotesha mbili. Jamaa wakachanga dola 8,000, wakachapisha seti 5,000 za kwanza, akawa anawauzia watu waliokuja kunyolewa. Huo ndio UNO, ambao mwaka 1992 ulichukuliwa na kampuni ya Mattel, na watoto wengi hapa wameucheza. Aliyeumaliza ugomvi aliumaliza kwa kuiweka kanuni mahali ambapo kila mtu anaiona kabla hajatupa.

Na sisi wenyewe hatukosi mfano. Siku za tamasha letu, nahodha gani anatweka tanga kwenye mbio za majahazi kabla hajaambiwa boya lipi anazunguka? Mbio za punda hazianzi mpaka kila mpanda punda ajue anatokea wapi na anaishia wapi. Tunayafanya hayo kwa punda na kwa vyombo, basi tufanye na kwa watoto wetu waliokaa mkekani.

Sikilizeni basi kanuni za leo. Nitazisoma taratibu, na zimebandikwa pale ukutani kwa maandishi makubwa.

Joka hatutumii, tumeshazitoa. Karata nne kila mmoja. Inayofunuliwa mwanzo lazima iwe ya kawaida, ikitoka yenye kishindo mgawaji anairudisha chini na kufunua nyingine. Mbili unaweza kuijibu kwa mbili, na tatu kwa tatu, adhabu ikajumlishwa ikamfuata wa mbele, lakini mbili na tatu hazichanganywi. Ree inazuia adhabu. Ndiyo, nawaona mnavyotazamana, lakini leo inazuia. Nimechagua hivyo kwa sababu inampa aliyebanwa njia moja zaidi. Ree iliyotumika kuzuia haiombi aina, na ree ya shupaza ni ree kama dada zake. Swali linajibiwa kwa karata ya kawaida ya aina ile ile, au kwa swali jingine linalofuata aina au namba. Ukiwa na karata mbili au tatu za namba moja, waweza kuziangusha pamoja. "Niko kadi" inasemwa kwa sauti zamu moja kabla ya kutoka, na aliyesahau haokoti, ila hatoki zamu ile. Ni adhabu ya kutosha.

Rundo la kuokota likiisha, karata ya juu inaachwa, zilizobaki zinapigwa upya. Na hili litatokea ikiwa mtakaa wengi. Watu watano wakigawiwa nne nne zimekwenda 20, moja imefunuliwa, zinabaki 31, mchezo unapumua. Wakikaa wanane zimekwenda 32, zinabaki 19 tu, na adhabu mbili tatu zikifuatana rundo limekwisha. Mkeka mmoja watu wanne au watano, asizidi mtu. Msilazimishe kumpakata rafiki yenu mkeka mmoja, mikeka ipo.

Jambo la fedha nitalisema waziwazi. Hakuna shilingi juu ya mkeka, chini ya mkeka, wala kwenye simu. Aya ya 90 ya Suratul Maida mnaijua wote, imeitaja kamari pamoja na ulevi, sina la kuongeza. Hakuna aliyelipa kiingilio, na tulikataa kiingilio makusudi, maana watu wakichanga kisha mmoja akachukua, tumeshafika kule kule. Hata ile ya "atakayeshindwa atanunua soda", iacheni. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfanya kijana asiye na kitu mfukoni aseme leo sichezi, naangalia tu. Nataka acheze. Mshindi atapewa jozi mpya ya karata na sinia ya halwa, vyote vimetolewa na watu wasiocheza.

Wako wazee na masheikh ambao hawapendi karata kabisa, ziwe na fedha au zisiwe nazo. Nawaheshimu, na baadhi yao ndio walionifundisha kusoma. Kwa ajili yao na kwa ajili yetu, hatutacheza karibu na mlango wa msikiti, hatutapiga kelele za kuamsha wagonjwa, na saa nne na nusu mikeka inakunjwa hata kama mkono haujaisha. Atakayeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwa ajili ya karata nitamwinua, awe mdogo awe mkubwa.

Kuna mambo madogo ambayo ukiyaona barazani utadhani si kitu. Kusi imekaza siku hizi, na karata iliyo juu ya rundo inapinduka yenyewe. Kila mkeka umepewa visahani viwili, kimoja juu ya rundo la kuokota, kingine cha kushikilia rundo la wazi. Tumieni. Karata ikipinduliwa na upepo kila mtu akaiona, inarudi katikati ya rundo na hakuna ugomvi.

Halwa inaliwa kwa mkono na karata zinashikwa kwa mkono ule ule. Tazameni jozi yoyote iliyokaa barazani mwezi mzima: kuna karata moja ina alama ya dole gumba mgongoni, ya samli, inang'aa ukiielekeza kwenye taa. Siku ya kwanza hakuna anayeiona. Siku ya tatu kila mwenyeji anajua ile ni ree ya uru na iko kwa nani, na mgeni peke yake ndiye asiyejua. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini mchezo umeshaharibika. Birika la maji na kitambaa viko pale pembeni. Ukila, nawa, kausha, ndipo ushike.

Na taa zetu hizi si za kutosha kwa macho ya kila mtu. Shupaza na pau zote nyeusi, na mzee mwenye mtoto wa jicho hazitofautishi kwa mbali. Kila anayetupa aitaje karata yake: "sita, pau." Haichukui hata nukta moja, na babu hatalazimika kuinama na kuuliza kila zamu mpaka aone haya akaondoka. Mchezo huu ni wa haraka, nami nautaka uende haraka. Lakini haraka ya mkeka ipimwe kwa anayeona vibaya kuliko wote. Vijana mkiona mzee anafikiri, msigonge sakafu kwa vidole. Nitahesabu mimi, mpaka kumi, kwa sauti ya chini, na ni kwa watu wote sawa.

Mwisho, mpangilio. Mikeka sita hapa mbele ya ngome, na miwili ya kina mama na kina dada uani, ambako wana mwamuzi wao na kanuni ni hizi hizi, nakala imepelekwa. Kila mkeka mnacheza mikono mitano. Anayeshinda mingi anakwenda mkeka wa mbele, wakilingana wanacheza mmoja wa ziada, wao wawili tu, na kumbukeni kwa watu wawili jeki na kingi zote zinakurudishia zamu wewe mwenyewe. Aliyetolewa haendi nyumbani. Mikeka ya nyuma inaendelea mpaka saa nne na nusu, kwa yeyote, na ndiko nitakakokaa mimi nikimaliza uamuzi. Kijana wa Mombasa ninayemsemea yuko hapa tena mwaka huu. Sitamtaja jina. Ameomba kukaa mkeka mmoja na ndugu yake, na tumewakubalia.

Wagawaji, pigeni karata lakini msigawe bado. Mwenye swali juu ya kanuni, ainue mkono aulize sasa.